Kesi ya Mtoto Haimalizwi Kanisani

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Australia, Donna Eshuys na Stephen Smallbone, walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia wanaume 111 waliofungwa kwa makosa ya kingono. Waliwagawa kwa historia yao ya dini: wasioamini kabisa, waliowahi kuamini wakaacha, walioingia dini ukubwani, na wale waliolelewa katika dini wakabaki humo. Mtu angetarajia kundi hili la mwisho liwe na makosa machache kuliko mengine. Ikawa kinyume. Waliobaki katika dini tangu utotoni ndio waliokuwa na hukumu nyingi zaidi, waliowadhuru watu wengi zaidi, na waliowadhuru wadogo zaidi kwa umri. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, na haukusema kwamba dini humharibu mtu. Mamilioni ya waumini hawajamgusa mtoto kwa ubaya na hawatamgusa. Ninachojifunza katika uchunguzi huo ni kwamba mtu mwenye nia ya kumdhuru mtoto, akikaa ndani ya jumuiya ya waumini, hupata mambo mawili ambayo kwingine angeyapata kwa shida: watoto walio karibu naye, na watu wazima wasiomshuku.

Hoja yangu ni moja. Imani tunayompa mtu kwa sababu ya cheo chake katika dini ndiyo njia anayopitia mkosaji kumfikia mtoto, na imani hiyohiyo, tunapoitumia kuamua kesi wenyewe kwa wenyewe ndani ya kanisa au msikiti, ndiyo inayomfikisha kwa mtoto wa pili na wa tatu. Kwa hiyo jumuiya ya waumini inapaswa kuacha kabisa kazi ya kuchunguza na kuhukumu tuhuma za namna hii. Ibaki na kazi ya kumlinda mtoto na kufikisha habari kwa wenye jukumu, siku ileile.

Tutazame mazingira yenyewe. Katika tarafa ya Gishubi, kusini mwa mji wa Gitega nchini Burundi, nyumba hazikusanyiki pamoja kama vijiji vya kwingine. Zimetawanyika vilimani, kila ua na migomba yake, na mahali pa watu kukutana ni pachache: soko, shule, chemchemi na nyumba ya ibada. Mtoto Mkatoliki huanza mafundisho angali mdogo, huenda sahwanya, yaani jumuiya ndogo ya waumini, na wazazi wake, huingia kwaya au chama cha vijana cha Xaveri. Mwenzake wa Kipentekoste ana shule ya Jumapili, mikesha ya maombi na kwaya yake. Huko Muyinga, penye Waislamu wengi, mtoto hupelekwa chuo cha Kurani kwa ustadhi. Na anayekaa na watoto hawa wiki hadi wiki kwa kawaida si padri wala shehe mkuu. Padri ana vigango vingi, na siku akifika amezungukwa na watu. Anayebaki nao ni katekista, mwalimu wa kwaya, shemasi, mzee wa kanisa, kijana mkubwa wa kikundi cha maombi, au muumini anayewalaza watoto wa kongamano nyumbani kwake. Ni watu wa kujitolea, wengi wao wema kwelikweli, na bila wao dini isingesimama vilimani. Lakini ni nadra mtu kuwauliza swali lolote kabla ya kuwakabidhi watoto, kwa sababu kuuliza kungeonekana ni kuwatukana.

Ndiyo maana nasema waumini wanaoaminiwa, sisemi mapadri peke yao. Tume huru iliyoongozwa na Jean-Marc Sauvé nchini Ufaransa ilipotoa ripoti yake Oktoba 2021, magazeti mengi yalishika namba moja: watoto wapatao 216,000 waliodhulumiwa kingono na mapadri na watawa tangu mwaka 1950. Namba ya pili haikupata sauti kubwa. Walipoongezwa waliodhulumiwa na walei wa Kanisa Katoliki hilohilo, yaani walimu wa shule zake, walezi na viongozi wa vijana, makadirio yalifika 330,000. Zaidi ya theluthi moja ya watoto hao hawakudhuriwa na padri wala mtawa. Na wale wanaodhani kisa chote ni useja wa mapadri watazame Wabaptisti wa Kusini nchini Marekani, ambao wachungaji wao huoa. Mwaka 2019 gazeti la Houston Chronicle na mwenzake wa San Antonio yalionyesha kwamba viongozi na watumishi wa kujitolea wapatao 380 wa makanisa hayo walikuwa wametuhumiwa kwa makosa ya kingono katika miaka ishirini, na walioumizwa walizidi 700. Kinachounganisha habari hizi mbili ni mtu mzima aliyeachiwa watoto bila jicho la pili.

Mkosaji wa namna hii ni nadra kuanza kwa nguvu. Mwanasaikolojia wa Marekani Anna Salter, aliyewahoji wengi wao, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 2003 jinsi mmoja, kiongozi wa vijana kanisani, alivyojenga sifa yake kwa makusudi, na jinsi alivyowaona watu wa kanisa kuwa wepesi kudanganyika kwa kuwa wamezoea kumdhania kila mtu mema. Kazi ya mkosaji kama huyo huanza kwa mzazi kabla ya kufika kwa mtoto. Tangu mwaka 2005 shule ya msingi Burundi haina karo, lakini daftari, kalamu na sare bado hutoka mfukoni mwa mzazi, na yuko mzazi ambaye mfuko huo hauna kitu. Akitokea mtu wa dini akanunua daftari mbili na sabuni, nyumba nzima inamshukuru. Kesho anaomba mtoto amsaidie kupanga vitabu vya nyimbo. Keshokutwa anamsindikiza nyumbani baada ya mazoezi kwa kuwa giza limeingia. Halafu anampa siri ndogo ya kutunza: peremende aliyompa yeye tu, wenzake wasijue. Siri hiyo ni jaribio. Mtoto akiitunza, na mzazi asipouliza chochote, mtu huyo amekwisha jua anachotaka kujua. Siku atakapofanya ubaya wenyewe, mtoto ana deni, mama ana deni, na kanisa lina mtumishi wake bora.

Kwa nini mtoto hasemi? Tume ya Kifalme ya Australia, iliyofanya kazi kuanzia 2013 hadi 2017 na kuwasikiliza maelfu ya watu walioumizwa katika taasisi mbalimbali, iliona kwamba mtu alichukua kwa wastani miaka 23.9 kabla ya kumweleza yeyote. Zaidi ya nusu ya waliozungumza nayo faraghani waliumizwa katika taasisi za dini. Hapa Afrika Mashariki, uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi hawakumweleza mtu, wavulana zaidi kuliko wasichana. Mtoto aliyeumizwa na jirani anaogopa kupigwa au kutoaminiwa. Aliyeumizwa na mtu wa dini ana mzigo mwingine juu ya huo: amefundishwa kwamba mtu huyu anamsemea Mungu. Anaposhtaki anaona kama anamshtaki Mungu mwenyewe, na wapo wakosaji wanaomwambia hivyo waziwazi. Watoto wengi hubeba jambo hili kama dhambi yao, wakatubu kosa lililotendwa na mtu mwingine.

Hebu tutazame siku zinavyokwenda, kwa mfano wa kubuni ambao kila anayejua vilima vyetu ataona unawezekana. Jumamosi jioni msichana wa miaka kumi na mmoja anabakizwa baada ya mazoezi ya kwaya. Jumapili mtu aliyemdhuru anasimama mbele akiongoza nyimbo, na mtoto yuko kwenye benchi la pili. Jumatatu mama anamwona hataki kula na anatembea kwa maumivu. Anadhani ni minyoo. Jumatatu usiku mtoto anamwambia shangazi. Mpaka hapo bado kuna nafasi, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Lakini Jumanne asubuhi baba anakwenda kwa mzee wa kanisa badala ya kwenda hospitali. Mzee anasema jambo ni zito, mchungaji yuko safarini, tumsubiri. Jumanne jioni saa 72 zimekwisha. Mchungaji anarudi Alhamisi, anaita maombi. Jumapili baada ya ibada wazee wanakaa, wanamwita mtoto, wanamuuliza mbele ya wanaume sita ilikuwaje, na mtuhumiwa ameketi palepale. Mtoto ananyamaza. Wanaandika kwamba hakuna ushahidi.

Hakuna mtu katika mfano huo, ukimtoa mkosaji, aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alifuata heshima aliyofundishwa. Na bado mtoto amepoteza dawa, amepoteza ushahidi, na amejifunza kwamba kusema hakusaidii. Mjini Gitega kuna kituo cha Humura, kilichofunguliwa mwaka 2012, ambako mtu aliyefanyiwa ukatili hupata mahali pamoja matibabu, mshauri wa kisaikolojia, polisi na msaada wa kisheria. Huduma za aina hiyo zimefikishwa pia Muyinga, Cibitoke na Makamba. Bujumbura kuna Seruka, iliyoanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2003. Vituo hivi vilibuniwa kwa sababu watu waliona mtoto akizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, akirudia hadithi yake kila mahali. Kutoka Gishubi hadi Gitega ni safari ya kufika na kurudi siku hiyohiyo. Kinachochelewesha ni kile kituo cha katikati, kikao cha wazee, ambacho hakimo katika njia ya tiba wala ya sheria.

Na hapa pana jambo la kitaalamu linalopotosha watu wengi, wakiwemo mahakimu. Wengi huamini kwamba kama mtoto kaingiliwa, daktari ataona. Mwaka 2002 Astrid Heger na wenzake huko California walichapisha matokeo ya vipimo vya watoto 2,384 waliopelekwa kwa tuhuma za kudhulumiwa kingono. Ni wapatao asilimia 4 tu waliokuwa na dalili za mwilini zisizo za kawaida. Mwili wa mtoto hupona haraka, na matendo mengi hayaachi alama. Kwa hiyo cheti cha daktari kisichotaja jeraha hakimsafishi mtuhumiwa. Kinachobeba kesi mara nyingi ni maneno ya mtoto mwenyewe, yakipokelewa vizuri na mtu aliyefundishwa, mapema, kabla hayajachezewa. Nguo alizovaa mtoto zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi au kitambaa na si kwenye mfuko wa plastiki, ziende naye kituoni. Mambo haya madogo hakuna anayeyafikiria katika kikao cha wazee, kwa kuwa kikao kile kinatafuta amani zaidi ya kutafuta kilichotokea.

Sasa tuone kinachotokea dini inapojifanya mahakama. Tume ya Australia, mwaka 2015, iliwachunguza Mashahidi wa Yehova nchini humo. Ilikuta katika kumbukumbu zao wenyewe majina ya watu 1,006 waliotuhumiwa tangu 1950 kuwadhulumu watoto kingono. Hata mmoja hakuripotiwa na kanisa hilo kwa serikali. Wazee wa makutaniko walikuwa na utaratibu: wanasikiliza, wanataka mashahidi wawili kwa kufuata Kumbukumbu la Torati sura ya 19, na mtuhumiwa akikana na shahidi wa pili akikosekana, wanalifunga jambo na kumwachia Mungu. Lakini ni nani anayemdhulumu mtoto mbele ya shahidi? Kanuni iliyowekwa kumlinda mtu asihukumiwe kwa uongo imegeuzwa ngao ya kosa ambalo kwa tabia yake hutendwa sirini. Ndivyo ilivyo kwa Mwislamu anayeitaja kanuni ya mashahidi wanne: hiyo ni ya kuthibitisha zinaa, na mtoto hakuzini, alidhulumiwa. Sitaki kuwaonea Mashahidi wa Yehova. Wao waliandika, ndiyo maana namba inajulikana. Kwingine mambo yaleyale humalizwa kwa mdomo.

Kenya wanajua matunda yake. Askofu Cornelius Schilder wa Ngong, Mholanzi wa shirika la Mill Hill, aliacha kiti chake mwaka 2009, na waumini wakaelezwa kuwa ni kwa sababu ya afya. Mwaka 2011 ndipo ilipojulikana kwamba Vatikani ilikuwa imemzuia kutoa huduma kwa sababu ya tuhuma za kumdhulumu kijana wa Kimaasai miaka ya 1990 mwanzoni. Ikiwa kulikuwa na watoto wengine, wazazi wao walinyimwa miaka miwili ya kuwauliza. Huko Boito, katika kaunti ya Bomet, mmisionari wa Kimarekani Gregory Dow alifungua makao ya watoto mwaka 2008. Alikuwa amekwisha kukiri mahakamani kwao, mwaka 1996, kosa la kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono. Makanisa yaliyomchangia yalimwona mtumishi wa Mungu. Wasichana wa makao hayo walimwita baba. Alikimbia Kenya mwaka 2017, na mwaka 2021 mahakama ya Pennsylvania ilimhukumu kifungo cha miaka 15 na miezi minane kwa kuwadhulumu wasichana wanne. Na Luk Delft, Msalesiani wa Ubelgiji, alihukumiwa Ghent mwaka 2012 kwa kuwadhulumu watoto. Mwaka uliofuata alikuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, na baadaye akawa mkuu wa Caritas huko, mpaka waandishi wa CNN walipoliandika jambo hilo mwaka 2019. Katika visa hivi vitatu wapo waliojua, au walioweza kujua kwa kuuliza swali moja. Walifunika kombe, mwanaharamu akapita akaenda kwa watoto wa Kiafrika, ambao wazazi wao hawakuwa na njia ya kujua.

Msomaji atasema: hao wote ni Wazungu, jambo hili si letu. Naelewa uchungu ulio nyuma ya maneno hayo, lakini takwimu za Tanzania nilizozitaja ni za watoto wetu, na waliowaumiza ni watu wetu. Tofauti ni kwamba mkosaji wa kigeni ana magazeti ya kwao na mahakama za kwao zinazomfuata. Katekista wa kilimani hana anayemfuata. Hata wenye uwezo huchelewa kusikika: shule ya Mtakatifu Mikaeli kule Soni, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ilikuwa ya watoto wa Wazungu, ikiendeshwa na mapadri wa shirika la Rosmini. Waliodhulumiwa pale miaka ya 1960 walisikika mwaka 2011, wakiwa wazee, baada ya kifo cha Padri Kit Cunningham, mmoja wa waliokiri. Walikuwa na elimu, pesa na mawakili, na bado iliwachukua miaka zaidi ya arobaini. Mtoto wa Gishubi itamchukua mingapi, kama hatumfungulii mlango sisi?

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mtu asiye na hatia anaweza kuharibiwa kwa neno la mtoto aliyefundishwa na adui. Hutokea, na mwenye haki hawezi kulipuuza. Uchunguzi wa kitaifa wa Kanada wa mwaka 1998, uliochambuliwa na Nico Trocmé na Nicholas Bala, ulikuta kwamba tuhuma za uongo wa makusudi zilikuwa asilimia 4 hivi ya taarifa zote za kuwatendea watoto vibaya, na waliozitunga zaidi walikuwa watoa taarifa wasiojitaja majina na wazazi wasioishi na mtoto. Watoto wenyewe kuzitunga ni nadra. Lakini nataka twende mbele ya namba. Namna ya kuuliza nayo inaweza kuzalisha tuhuma zisizo za kweli. Stephen Ceci na Maggie Bruck walionyesha miaka ya 1990 kwamba mtoto mdogo akiulizwa mara nyingi, kwa maswali yaliyobeba jibu ndani yake, na mtu mwenye mamlaka anayeonekana kujua anachotaka, anaweza kukubali jambo ambalo halikutokea, na anaweza pia kukana lililotokea. Kikao cha wazee wa kanisa kina kasoro zote hizo. Kwa hiyo anayejali mtumishi asiye na hatia ana sababu ileile ya kutaka wazee wakae pembeni: mtuhumiwa aliyesafishwa na wachunguzi wa nje amesafishwa kweli, na aliyesafishwa na rafiki zake atatiliwa shaka maisha yake yote.

Kuna pingamizi la msamaha, na hili husemwa kwa machozi. Ndugu ametubu mbele ya kanisa, kwa nini tumpeleke gerezani? Jibu langu ni kwamba msamaha ni haki ya aliyekosewa, na kanisa halina uwezo wa kuutoa kwa niaba ya mtoto. Utaratibu wa Mathayo sura ya 18, wa kumwendea ndugu faraghani kwanza, watu huusoma kama kwamba sura hiyo haikuanza na mtoto aliyesimamishwa katikati na onyo kali juu ya anayemkosesha. Mtu aliyetubu kweli hujisalimisha mwenyewe. Akitaka toba yake imwepushe na sheria, hayo ni mapatano. Na mapatano tunayajua sura yake: mbuzi, fedha kidogo, mitungi ya pombe ya kusuluhisha, na mara nyingine msichana akaozwa kwa aliyemharibu ili aibu iishe. Wabashingantahe, wazee wapatanishi wa vilimani, wanastahili heshima waliyonayo. Wamepatanisha watu juu ya mipaka ya mashamba, madeni na ugomvi wa ndugu kwa vizazi. Lakini hii ni jinai. Sheria ya Burundi haimtambui mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa anaweza kuridhia tendo hili na mtu mzima, na sheria ya Septemba 2016 juu ya ukatili wa kijinsia iliwekwa ili kuwalinda wanaoumizwa na kuwaadhibu wakosaji. Kesi ni ya mwendesha mashtaka. Baba hana mamlaka ya kuiuza, wala mzee wa kilima hana mamlaka ya kuizika.

Pingamizi linalonipa shida kweli ni la mwisho. Watu husema polisi wanataka hela, mahakama inachukua miaka, mkosaji anatoka baada ya wiki mbili, na familia iliyoshtaki inabaki ikitengwa na kilima kizima. Tangu mwaka 2007, Amnesty International ilipoandika juu ya ubakaji nchini Burundi, kutoadhibiwa na kusuluhishwa nje ya mahakama vimetajwa kuwa vizuizi vikubwa, na sitamwambia mzazi kwamba vimekwisha. Ninachosema ni kwamba udhaifu wa mahakama haukipi kikao cha kanisa sifa ambayo hakina. Hata kama kesi itashindwa, mtoto aliyefika Humura amepata dawa, amepata mtu wa kumsikiliza, na tukio limeandikwa na daktari. Mtoto wa pili akija na jina lilelile, kuna pa kuanzia. Na familia inatengwa kwa sababu inashtaki peke yake. Mchungaji akitembea nayo hadi Gitega, akaketi nayo kwenye benchi la kusubiri, kilima kitapata shida kuitenga.

Baadhi ya makanisa yana maandishi tayari. Papa Fransisko alitoa Mei 2019 waraka wa Vos estis lux mundi, unaowabana maaskofu wote kuweka njia ya wazi ya kupokea taarifa na unaowalazimisha mapadri na watawa kuripoti kwa wakubwa wao. Ni hatua kubwa, lakini wajibu huo unawagusa mapadri na watawa, na tumekwisha ona kwamba anayekaa na watoto kigangoni ni mlei. Makanisa madogo ya kujitegemea hayana askofu wala waraka. Mwanzilishi ndiye kila kitu, na yeye mwenyewe akituhumiwa hakuna wa juu yake. Kwa hiyo kanuni inayofaa Gishubi lazima iwe fupi kiasi cha kusomwa kwa Kirundi kabla ya mahubiri na kueleweka na bibi asiyejua kusoma. Mtu mzima mmoja asikae na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, na hili limhusu kwanza yule anayeaminiwa kuliko wote. Safari na malazi ya watoto yawe na watu wazima wawili wasio wa nyumba moja. Tuhuma ikitajwa, mtuhumiwa aondoke siku hiyo katika kazi zote za watoto, bila kutangazwa kuwa na hatia na bila kuhamishiwa kigango kingine. Asiulizwe mtoto zaidi ya anachosema mwenyewe. Aambiwe tu kwamba amefanya vizuri kusema na kwamba kosa si lake. Na nauli ya mama na mtoto kwenda Humura, pamoja na chakula cha siku hiyo, itolewe kwenye kisanduku cha sadaka bila kikao, na mtu aliyekabidhiwa funguo za kisanduku hicho awe mwanamke ambaye kilima chote kinajua nyumba yake ilipo.